Ushauri: dambeli kwenye meli inayokwenda mrama, nizirekebishe vipi?

Omo_na_Tezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni baharia wa meli ya mizigo, na safari zetu ni zile ndefu za kukaa maji makuu bila kuona nchi kavu. Kabini ni ndogo, chumba cha mazoezi hatuna. Nina jozi mbili za dambeli: moja ya kilo 8, chuma kitupu chenye vichwa vya duara, na nyingine ya kuongeza na kupunguza sahani, inafika kilo 15 kila upande.

Bahari ikitulia sina neno. Ikichafuka ndipo napata shida. Meli ikilala upande, dambeli niliyoiweka chini inabingirika hadi ukutani, na ile niliyoishika inanivuta mwili mzima. Vibano vya sahani vinalegea. Hewa ya chumvi nayo imeanza kula mshikio, umepata kutu na unachubua kiganja. Kuacha mazoezi sitaki kabisa, kwa sababu kazi ya sitaha inadai mgongo na mabega yaliyo imara. Nizirekebishe vipi hizi dambeli, au nitafute kifaa kingine? Naomba mawazo, hasa ya waliofanya kazi majini.

FundiChuma

Mkuu, nianze na kutu maana hiyo ndiyo fani yangu. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hata ukiifuta dambeli kwa kitambaa kikavu, chembe za chumvi zilizobaki kwenye mikwaruzo ya mshikio zitaendelea kujilowesha zenyewe. Futa kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha vizuri, ndipo upake mafuta mepesi kwenye vichwa. Mshikio usiupake mafuta, utakuponyoka. Usugue kwa msasa laini hadi kutu iishe, kisha uuzungushie utepe wa kitambaa, si wa plastiki. Utepe ukilowa jasho mara nyingi, ubandue uweke mwingine, usirundike tabaka juu ya tabaka. Mshikio ukinenepa, vidole huchoka kabla ya msuli unaoulenga.

Ukija kununua nyingine, epuka zile za kung'aa zilizopakwa kromu. Kromu ikipasuka kidogo tu, kutu hutambaa chini yake na vigamba vyake hukata mkono. Chuma cha pua daraja la 316 kina molibdeni, ndiyo maana huvumilia chumvi kuliko 304. Ni ghali lakini kinadumu.

Vibano vya springi vitoe. Mtetemo wa injini unavilegeza taratibu bila wewe kujua. Tumia vya kukaza kwa skurubu, na kati ya kibano na sahani weka pete ya mpira. Hata hivyo, kagua kabla ya kila seti.

Mwanamazoezi_Pwani

Naongezea upande wa mwili. Sitaha ikipanda kwa mchapuko wa moja ya tano ya mvutano wa dunia, dambeli ya kilo 10 utaihisi kama kilo 12. Ikishuka kwa kiasi hichohicho, utaihisi kama kilo 8. Yaani uzito unabadilika ukiwa katikati ya kunyanyua, na msuli haukupewa taarifa. Ndiyo sababu unavutwa.

Kwa hiyo punguza kilo, na ushushe mwili karibu na sakafu. Piga goti moja, au kaa na miguu umeitanua. Ukilazimika kusimama, elekea omo (mbele ya meli) au tezi (nyuma) huku miguu ikiwa mbali mbali upande kwa upande, ili mrama uupokee kwa mguu mmoja baada ya mwingine. Cha kunyanyua juu ya kichwa kifute kwenye ratiba hadi bahari itulie. Cha kulala chali na kusukuma dambeli juu ya uso pia kifute. Vuta kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kitanda kilichofungwa sakafuni. Au kumbatia dambeli kifuani uchuchumae.

Kama unaweza kuchagua mahali, katikati ya meli na sitaha za chini husukwasukwa kidogo kuliko juu na kwenye ncha.

Kijana_wa_Zamu

Mimi ningefunga dambeli kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda. Ikiponyoka haifiki chini.

Mwanamazoezi_Pwani

Hapana ndugu yangu, hilo nalipinga kwa nguvu zote. Meli ikilala ghafla, kitu cha kwanza unachohitaji ni mkono mtupu wa kudaka reli. Ukiwa umefungiwa kilo 8, mkono huo huna tena, na kifundo kinabeba mzigo wote wakati unaanguka. Dambeli lazima iachike mara moja. Kinga sakafu kwa zulia nene la mpira, si kwa kuufunga mkono.

Kijana_wa_Zamu

Nimekuelewa kaka, naliondoa wazo langu.

Dada_Mizani

Ndugu mwanzisha uzi, kwa maoni yangu umbo la kifaa ndilo linakusumbua kuliko kilo zake. Kitu cha duara kwenye sakafu inayoinama kitabingirika tu. Dambeli za vichwa vya pembe sita zinatulia, lakini kabla ya kununua jaribu mfuko wa mchanga. Shona turubai mara mbili, weka mchanga mkavu ndani ya mfuko mwingine wa plastiki nzito, na ushonee mishikio miwili ya mkanda mpana. Lita moja ya mchanga mkavu ina takribani kilo moja na nusu, kwa hiyo lita 6 zinakupa kama kilo 9. Haubingiriki, hautoboi rangi ya sakafu, ukikuangukia mguuni maumivu ni madogo kuliko ya chuma, na kutu haujui.

Dumu la maji nalo linafaa, lita moja kilo moja, lakini lijaze hadi mdomoni. Likibaki na nafasi, maji yatacheza ndani na kuongeza msukosuko juu ya ule wa bahari.

Mpenda_Anga

Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga dambeli haina uzito kabisa, ingawa tungamo lake lipo palepale na likikugonga utaumia. Wanaanga hufanya mazoezi kama saa 2 kwa siku kulinda mifupa na misuli, na mashine yao ya kunyanyua hutumia silinda za ombwe. Mzigo wake unaweza kufika karibu kilo 270. Nalisema hili kwa sababu ukinzani si lazima utoke kwenye uzito. Mipira ya kuvuta inakinza vilevile meli ikipanda au ikishuka, haijali mrama. Siku bahari imechafuka, weka chuma kabatini uchukue mpira.

FundiChuma

Sahihi, ila mpira wa asili una maadui wawili melini: mafuta ya mashine na ozoni inayotoka kwenye mota za umeme. Uhifadhi kwenye mfuko uliofungwa, mbali na jua, na uuvute taratibu ukiutazama kabla ya kuanza. Ukiona nyufa ndogo ndogo, tupa. Usiufunge kwenye bomba lolote, hujui lina mvuke au shinikizo gani. Fremu ya kitanda iliyokazwa kwa bolti inatosha.

Omo_na_Tezi

Nashukuru sana, mmenifungua macho. Mfuko wa mchanga naanza nao, turubai lipo. Swali la mwisho: wakati wa kulala dambeli nizilaze wapi? Na baada ya zamu ya usiku, nifanye mazoezi au nipumzike?

Dada_Mizani

Chini kabisa, kamwe si rafu ya juu wala chini ya mto. Tenga au sanduku la mbao lenye matundu yanayobana kila kichwa, lifungwe kwa mkanda kwenye mguu wa kitanda. Ulitingishe kwa mguu. Likicheza, kaza tena.

Kuhusu zamu, kipimo cha mapumziko kwenye Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 ni saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku 7. Mazoezi yako yanakula humo humo. Mtu aliyekosa usingizi huchelewa kuitikia, na wewe unashika chuma mahali panapoinama. Lala. Ukiamka, fanya seti chache za mpira, chuma kisubiri siku ya bahari shwari.