Kamera ya kuangalia CNC (mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta) ikiwa kazini: niifunge wapi?

Mwenye uzi
Habari wakuu. Karakana ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba, Kahawa West. Mashine ina meza ya sentimita 60 kwa 90, spindo (mota inayozungusha biti, yaani kisu cha kuchonga) ya kilowati 1.5 na inveta yake ya kudhibiti kasi, bodi ya GRBL (programu inayoongoza mwendo) inayoendeshwa na kompyuta kwa USB. Kazi nyingi ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), saa mbili tatu kila ubao. Nataka kuiona nikiwa jikoni, mita kumi hivi. Webkamu ya USB niliyoibana juu ya gantri (daraja linalobeba spindo) inatoa picha inayotetemeka, biti inaonekana imepinda, na kila spindo ikiwaka kamera inakatika. Mara mbili imekatika pamoja na kazi yenyewe. Nisaidieni, bajeti si kubwa.

Waya_wa_Ardhi
Karibu. Hilo la kazi kukatika ndilo la kwanza, kamera baadaye. Inveta inatoa kelele za umeme zinazoingia kwenye USB. Webkamu na bodi zikiwa kwenye kompyuta moja, USB ya kompyuta ikijizima inaondoka na zote mbili. Toa kamera kwenye hiyo kompyuta kabisa. Tafuta kamera ya waifai yenye adapta yake na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Luthuli Avenue zimejaa.

Halafu tibu chanzo. Kebo ya spindo iwe ya nyaya 4 yenye ngao (wavu wa chuma unaozifunika nyaya), na ngao ifungwe kwenye waya wa ardhi upande wa inveta. Kebo ya USB isizidi mita 2, ivae feraiti (kipete cha kupunguza kelele za umeme), na isilale sambamba na ya spindo: ziachane sentimita 30, na zikilazimika kukutana zivukane kama msalaba.

Randa
Kuhusu biti kupinda: kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari, si yote kwa mpigo. Ikitikisika, mistari ya juu na ya chini haikutani. Kwa hiyo iondoke kwenye gantri, na usiifunge kwenye mabati pia, nayo yanaimba spindo ikizunguka. Simamisha nguzo ya mbao ya inchi 2 kwa 2 isiyogusa meza. Kamera ikae sentimita 70 juu ya meza, ikitazama chini digrii 30 hadi 45, kona iliyo mbali na bomba la kunyonya vumbi. Ielekeze uone biti na vibanio vyote vinavyoshika ubao, kwa sababu kibanio kikilegea ndicho kinachopigwa na biti.

Tundu la chini ya kamera mara nyingi ni la boliti ya robo inchi, meno 20 kwa inchi. Boliti iingie milimita 5 tu. Ndefu zaidi inapasua plastiki ya ndani.

Vumbi la MDF ni laini kama unga. Kinga lenzi kwa kipande cha akriliki, na usikisugue kikavu: kinashika umeme tuli na kuvuta vumbi zaidi. Puliza kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu. Ukiweka akriliki, zima taa za usiku za kamera, la sivyo mwanga wake utarudi kwenye lenzi na utaona ukungu mweupe mtupu. Weka taa ya LED pembeni, na kwenye mipangilio chagua hezi 50, stima yetu ndiyo hiyo. Ukiacha 60 picha inapita michirizi.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Je, nikiongeza soketi janja niizime mashine kwa simu nikiona kasoro?

Waya_wa_Ardhi
Hapana, tafadhali. Ikizima spindo peke yake, gantri inaendelea kusukuma biti iliyosimama hadi ivunjike. Ukifanya kinyume, yaani utume alama ya ! kwenye GRBL, mwendo unasimama lakini spindo inaendelea kuzunguka pale pale, inasugua MDF mpaka inaungua, na kaa la moto linanyonywa hadi mfuko wa vumbi. Picha yenyewe huchelewa. Ikichelewa sekunde 3 kwa mwendo wa milimita 2,000 kwa dakika, biti imeshakwenda sentimita 10.

Weka swichi nyekundu ya dharura mlangoni, ikate kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) inayolisha spindo na mota zote pamoja. Kontakta iwe ya kujishikilia: stima ikipotea na kurudi, mashine ibaki imezimwa hadi ubonyeze kitufe cha kuwasha. Kwa MDF kaa karibu, kamera hainusi moshi.

Randa
Na mabati yanazuia waifai. Kabla ya kutoboa nguzo, shika kamera pale pale itakapokaa, mlango umefungwa, spindo ikizunguka, uangalie picha dakika kumi. Ikikwama, vuta kebo ya mtandao ya mita 15 ndani ya bomba la PVC hadi ruta ndogo ndani ya karakana. Tazama kupitia mtandao wa nyumbani, si bando: picha ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa.

Mwenye uzi
Nguzo naisimamisha Jumamosi. Nianze na kebo ya spindo au kamera?

Waya_wa_Ardhi
Kebo. Zima inveta, subiri taa yake izimike kabisa na dakika 5 zaidi, ndipo uguse skrubu za ndani.