Skonsi za iliki nyumbani: oveni ya umeme, ya gesi, au kupalia makaa?

Zabibu_Kavu
Habarini wadau. Nataka kuoka skonsi za iliki nyumbani, zile laini zinazochambuka nyuzi nyuzi ukizivuta. Nimebaki na njia tatu: oveni ya mezani ya umeme, jiko la gesi lenye oveni chini, au niendelee kupalia makaa juu na chini. Ipi bora? Mwisho wa mwezi nanunua. Nawasilisha.

fundi_ngano
Swali halina miguu. Ngapi kwa mara moja? Za chai ya nyumbani au za kuuza? Uko wapi? Joto la Dar na la Njombe haliumui donge sawa. Nyumba yenyewe ina ua au ni ghorofa? Bila hayo kila mtu atakusifia alichonacho jikoni kwake.

Bandari_ya_Kale
Mwenzangu, makaa hayana mpinzani. Wataka sufuria nzito, si hizi nyepesi za kupinda. Mimina mchanga mkavu kina cha vidole viwili, juu yake weka kigae au chuma cha kuinulia trei, kisha mfuniko bapa wa bati nene wenye ukingo wa kushika makaa. Makaa yangojee mpaka yavae jivu jeupe, ndipo uyagawe: fungu moja chini, mafungu mawili juu. Watu hufanya kinyume, chini panaungua na juu panabaki peupe, halafu lawama kwa hamira. Sufuria ipate moto dakika 15 kabla ya trei kuingia. Donge la gramu 60 huiva kwa dakika 20 hadi 25. Usifunue kabla ya 15.

LukuInaisha
Tatizo la makaa si kuiva, ni kurudia. Raundi ya kwanza safi, ya pili makaa yamelegea, ya tatu unapepea kama muuza mahindi. Na asithubutu kuyawasha ndani. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, kufungua dirisha moja hakutoshi.

Umeme watu wanauogopa bure. Oveni ya wati 1500 ikiwaka mfululizo saa nzima inakula uniti moja na nusu. Ila haiwaki mfululizo, ikifika joto inakata na kurudi. Dakika 15 za kupasha na 20 za kuoka haziwezi kufikisha uniti moja. Anayepaswa kupiga hesabu vizuri ni aliye kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi: akioka kila siku atavuka, na akivuka bei inabadilika.

Pia ichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Ekstensheni za waya mwembamba huyeyuka kwenye plagi.

Zabibu_Kavu
Samahani, nilisahau. Dar, ghorofa ya pili, kibaraza kidogo. Za kuuza, kama 40 hivi asubuhi, kwa majirani na duka la chini.

fundi_ngano
Ona sasa, makaa yamejitoa yenyewe.

Kwa 40, sikiliza kinachotokea kwenye oveni ya lita 35. Trei yake inachukua 16 za gramu 60, yaani raundi tatu. Mwokaji anakanda donge lote pamoja, anakata yote pamoja, anapanga trei tatu mezani. Kwa joto la nyuzi 31 na hamira ya kutosha, mwumuko wa pili unakamilika kwa dakika 35 hadi 40. Trei ya kwanza inaingia kwa wakati wake, inatoka nzuri. Ya pili imesubiri dakika 25 zaidi, imevimba kupita kiasi: ukiigusa inanywea na alama ya kidole hairudi. Hofu ikiingia, anasukuma ya pili na ya tatu pamoja, moja juu moja chini. Oveni haina feni. Ya juu inaziba joto la koili ya juu, ya chini inapokea moto wa chini peke yake. Dakika ya 12 anafungua mlango kuzibadilisha, joto linaporomoka, na skonsi ambazo ndani bado ni uji zinakaa chini. Matokeo: 16 za kuuza, 16 zimesinyaa mabega, 8 zina kitako cheusi na uso wa mgonjwa. Donge lililovimba kupita kiasi pia limekula sukari yake, kwa hiyo haliwi kahawia vizuri na lina harufu ya pombe.

Dawa yake si oveni mpya. Donge likishaumuka mara ya kwanza, theluthi mbili ziingie friji. Toa fungu la pili na ulikate wakati trei ya kwanza inaumuka, na la tatu vivyo hivyo. Trei moja tu ndani, rafu ya katikati.

Mama_Trei
Ndiyo maana nasema gesi. Oveni ya jiko la sentimita 60 inachukua trei ya 30. Raundi mbili, kazi imekwisha, umeme ukikatika humlaani mtu.

LukuInaisha
Mama, sema na ubaya wake. Moto wote uko chini. Nyingi huwezi kuwasha grili, ule moto wa juu, na moto wa chini kwa pamoja. Na kitasa kinasema 180 wakati ndani ni 210.

Mama_Trei
Kipimajoto cha kuning'iniza ndani kinamaliza ubishi. Trei tupu kwenye rafu ya chini kabisa inakinga kitako. Zikiiva, grili dakika moja, macho yasibanduke hapo. Hata za umeme vitasa vyake vinadanganya, usijifanye.

Bandari_ya_Kale
Hayo yote ni chuma. Skonsi ni donge. Huyu hajatwambia anatia nini humo. Maziwa au tui?

Zabibu_Kavu
Unga kilo moja, sukari robo kilo, tui zito nusu lita, hamira kijiko kikubwa, iliki na mdalasini. Zinachelewa sana kuumuka, na zikiiva ni nzito.

fundi_ngano
Robo kilo kwa kilo ni asilimia 25! Sukari inavuta maji na kuinyima hamira. Ukivuka asilimia 10 hamira ya kawaida inaanza kuzubaa, labda utafute ile iliyotengenezwa kwa madonge matamu. Anza hivi, pima kwa mizani:

Unga wa ngano mweupe kilo 1, sukari gramu 150, chumvi 12, hamira ya instanti 11, iliki 6 (vijiko vitatu vya chai), yai 1, maziwa mililita 550, siagi 100. Maziwa yachemshwe kwanza yapoe mpaka vuguvugu, maana maziwa mabichi yanalegeza donge. Kanda dakika 8 bila siagi, kisha siagi kidogo kidogo, dakika nyingine 6. Vuta kipande: kikiwa chembamba unaona mwanga bila kuchanika, tayari. Likinata usikimbilie unga, endelea kukanda. Inatoka 31 za gramu 60. Nyuzi 180, dakika 18 hadi 20.

Nyuzi nyuzi anazozitaka ni za kukanda na za kuzipanga zikaribiane, nafasi ya kidole kimoja, zikutane zikivimba.

Bandari_ya_Kale
Tui usimtupie. Tui zito mafuta yake mengi, ndiyo uzito huo. Nusu tui zito, nusu maji, na siagi ipungue iwe 50. Ladha itabaki.

KaskaziniBaridi
Na mdalasini utoke ndani ya donge. Kile kinachoupa harufu ndicho kinachoibana hamira. Huku Sweden iliki inasagwa ndani ya donge, mdalasini unapakwa na siagi na sukari kisha linaviringishwa. Wana hadi siku ya hizo za mdalasini, tarehe 4 Oktoba.

Mama_Trei
Hizo za kuviringisha si skonsi tena.

KaskaziniBaridi
Kwa Waingereza hata hizi zenu si skonsi. Zao hazina hamira, ni baking'i pauda.

Bandari_ya_Kale
Wacha wale zao kavu. Iliki je, ya pakiti au ya kutwanga?

LukuInaisha
Ya kutwanga, mbegu bila maganda, pamoja na kijiko cha sukari ili isage laini. Ya pakiti mara nyingi imesagwa na maganda yake, rangi inageuka kijivu na ladha inakuwa ya majani.

Mama_Trei
Maganda usitupe, tia kwenye chai.

Zabibu_Kavu
Nimeelewa kuhusu mdalasini. Kwa hiyo gesi au umeme? Na mashine ya kukandia ni lazima?

Mama_Trei
Gesi.

LukuInaisha
Umeme, lita 45 na feni.

fundi_ngano
Pima kwanza meza na mlango wa jikoni, kuna majiko hayapiti ngazi za ghorofa. Mashine ya bakuli la lita 5 inakanda kilo moja ya unga kwa mwendo wa pili. Ukiipa kilo moja na robo, donge linapanda kwenye mkono wake na mota inanuka. Wewe wa 40 unahitaji kama kilo moja na robo.

Zabibu_Kavu
Basi nianze na 30?