Mafundi wa TV za ukumbini, acheni kututanulia picha za wazazi wetu!

Wakuu, nimekaa na hili siku tisa nikidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naliandika.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulifanya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa mama, hapa Morogoro. Tulikodi ukumbi mdogo, na fundi wa muziki akaleta TV ya inchi 55 pamoja na laptopu yake. TV peke yake tulimlipa shilingi 80,000. Mimi nilikuwa nimemaliza wiki mbili nikiskani picha za mama kila nikitoka kazini, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye albamu yake mwenyewe. Picha 46. Nyingine zilikuwa zimegandana na plastiki, nikazibandua kwa wembe huku nashikilia pumzi.

Picha ya kwanza ilipotokea nilidhani fundi kakosea flashi, kaweka ya familia nyingine. Mama yangu alikuwa mrefu, mwembamba kama ufito, tangu usichana wake hadi tunamzika. Pale kwenye TV kulikuwa na mwanamke mnene, mabega mapana, shingo imezama, uso kama umekandamizwa kutoka juu. Mwanya wake, ambao watoto wote watatu tumeurithi, ulikuwa umeachana kama jino limeng'olewa. Nyuma yake ukutani ipo saa ya sebuleni kwetu, saa ya duara niliyojifunzia kusoma dakika. Ilikuwa imegeuka yai lililolazwa.

Mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, akanivuta mkono wa shati. "Mwanangu, mbona dada simwoni?" Anamtazama na hamwoni! Kisha mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano na bibi yake anamkumbuka kwa mbali tu, akauliza kwa sauti iliyosikika meza zote: "Kumbe bibi alikuwa mnene?"

Nikamfuata fundi. Nikamwambia fundi, picha zimetanuka, tafadhali rekebisha. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu yake: "Hapana kaka, hiyo ndiyo imejaa skrini. Nikiiweka kawaida itakuletea nyeusi pembeni, watu wataona TV mbovu." Nikamsihi. Akasema MC keshaanza, hawezi kusimamisha. Picha zote 46 zikapita vile vile mpaka ya mwisho.

Sasa nawaambia mafundi wote mnaosoma humu: ile nyeusi ya pembeni SI UBOVU. Ndiyo ishara kwamba picha imeachwa na umbo lake. TV za siku hizi zina umbo la 16 kwa 9, yaani upana 16 kwa kimo 9. Picha zetu za albamu, za kamera na za simu kwa kawaida hazina umbo hilo. Nyingi ni 4 kwa 3 au 3 kwa 2. Lazima nafasi ibaki. Ukilazimisha isibaki, kuna mtu utamnenepesha.

Nilirudi nyumbani, nikaazima TV ya shemeji yangu ya ukubwa uleule, nikakaa nayo na futi ya fundi cherehani hadi saa nane usiku. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo mno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Laptopu ya yule fundi alikuwa ameiacha kwenye pikseli (vidoti vya picha) 1024 kwa 768, kwa sababu siku nyingine huiunganisha na projekta. Hesabu hiyo ni umbo la 4 kwa 3. TV ikapokea picha ya 4 kwa 3, na yenyewe imewekwa ijaze kioo chote, basi ikaivuta kwa pembeni. Kimo kinabaki kilivyo, upana unaongezeka kwa theluthi moja. Duara la sentimita 30 linatoka na upana wa sentimita 40. Kioo cha inchi 55 kina upana wa kama sentimita 122, na picha ya 4 kwa 3 isiyovutwa inahitaji 91 tu. Yaani zingebaki sentimita 15 za weusi kila upande, na kwa sababu ya hizo sentimita 15 mama yangu akaharibiwa sura mbele ya ndugu zake.

Dawa yake ni dakika mbili. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye uso wa kompyuta, fungua mpangilio wa skrini, chagua 1920 kwa 1080, au ile iliyoandikwa kuwa inapendekezwa. TV za zamani zenye pikseli chache zitakupa 1366 kwa 768 au 1360 kwa 768, chukua hiyo. Rimoti iache kwenye 16:9. Msianze kuminya rimoti kwenda 4:3 kabla hamjagusa kompyuta, maana kompyuta ikishakuwa sawa halafu TV ikabaki 4:3, watu watatoka wembamba kama wamepitishwa chini ya mlango. Na mkiona TV iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa HDMI inakata kingo za picha, vichwa vinaliwa juu, hiyo ni tabia iliyobaki tangu enzi za TV za chogo. Ingieni kwenye ukubwa wa picha: Samsung wanaandika Screen Fit, LG wanaandika Just Scan, Sony wanaandika Full Pixel.

Kisha pima. Weka picha yenye kitu cha duara, sahani, saa, gurudumu, chochote. Pima upana, pima kimo. Visipolingana usianze shughuli. Mnapima sauti nusu saa nzima, "moja mbili, moja mbili", wageni hawajafika. Picha mnashindwa kuipima hata mara moja?

Kuna watakaonijibu kwamba ni picha tu. Kwenye baa nimeona wachezaji wakinenepeshwa hivyohivyo na sikuwahi kuandika neno, kesho yake nitawaona tena wakiwa sawa. Mama sitamwona tena. Mtoto wa dada yangu hana bibi mwingine wa kumlinganisha na yule aliyemwona ukumbini.

Na bado hayajaisha. Fundi alikuwa anarekodi shughuli nzima, na kwenye video aliyonikabidhi ameingiza picha zilezile zikiwa zimeshavutwa humo ndani, kwa hiyo hapo hakuna rimoti itakayozinyoosha. Dada yangu aliituma kwenye kundi la ukoo kabla sijamzuia. Ipo kwenye simu za watu Ifakara, Mbeya na Dar. Nimempigia fundi mara nne airudie. Mara ya mwisho akasema nimekuwa mjuaji sana na akakata simu.

Hela zangu sidai. Nadai video irudiwe, picha 46 zikiwa na umbo lake. Flashi yangu bado iko kwake, faili zote ziko salama, kazi ni kuzipanga upya na kuacha nyeusi pembeni. Nimempa mpaka Ijumaa.