Joto la elektroni linakwama wakati wa kuwasha plazma ya tokamaki: naomba ushauri

Mwanafunzi, Makerere:
Ndugu wanajukwaa, tasnifu yangu ya uzamili inahusu kuwasha plazma (gesi moto iliyogeuka ioni) ya tokamaki, yaani mtambo wa utafiti wa muunganiko wa nyuklia unaoishika plazma kwa sumaku, kwa msaada wa maikrowevu, na kwa kuwa hapa Kampala sina chombo cha ombwe, kazi yote ninaifanya kwa kompyuta. Nimechagua uga wa sumaku wa tesla 1.5 na mawimbi ya gigahezi 84, kama ilivyokuwa kwa KSTAR, tokamaki ya Korea Kusini, ilipopata plazma yake ya kwanza mwaka 2008. Haidrojeni inageuka ioni vizuri, lakini joto la elektroni linakwama karibu na elektronivolti 10, na mkondo wa umeme ndani ya plazma unapanda pale tu ninapoongeza volti sana. Nianze kukagua wapi?

Mwalimu wa fizikia, Mbarara:
Ndugu, anza na gesi. Kuigeuza ioni ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kulivuka eneo hilo ulilokwama, kwa maana kaboni na oksijeni zinazotoka ukutani hunururisha nishati nyingi wakati elektroni bado ni baridi, na mawimbi yasipoingiza nguvu inayozidi upotevu huo, joto halisogei. Chora kwa pamoja nguvu inayoingia, ile inayoliwa na haidrojeni na ile inayonururishwa na uchafu, kisha punguza shinikizo la mwanzo kidogo kidogo. Hesabu pia gesi iliyobaki nje ya plazma, maana nayo huendelea kuingia.

Mhandisi, Jinja:
Namuunga mkono Mwalimu, ila nakusihi usiongeze volti. Koili kubwa zilizopoozwa hadi umeme upite bila ukinzani haziruhusu hivyo: ITER, tokamaki ya kimataifa inayojengwa kule Ufaransa, imewekewa kikomo cha takribani volti 0.3 kwa mita, na ndiyo sababu maikrowevu yanahitajika tangu mwanzo. Halafu, katika tesla 1.5 elektroni huzunguka kwa gigahezi 42, kwa hiyo mawimbi yako yana masafa maradufu, ambayo elektroni baridi huyanyonya kwa shida. Je, programu yako inachukulia kwamba nguvu yote imenyonywa?

Mwanafunzi, Makerere:
Ndiyo, Mhandisi, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mhandisi, Jinja:
Basi ufanye unyonyaji utegemee joto na msongamano wa elektroni katika kila hatua, ndipo urudi kwenye grafu za Mwalimu.