Buibui wa Ipagala, Dodoma, mnampa jina la Marekani! Acheni kupiga ramli

Wakuu, kwa kweli inakera. Mtu anatupia humu picha moja ya mgongo wa buibui mrukaji, imejaa ukungu, anaandika "naomba spishi", na wajuaji hao, wameshajaa.

"Phidippus audax!" Jamani, huyo asili yake Amerika Kaskazini. Programu ya simu inawapa jina hilo kwa sababu imelishwa picha nyingi za huko, nanyi mnabandika tu bila hata kuuliza kapigwa picha wapi. Mwingine akiona uso mwekundu, haraka: Evarcha culicivora, yule mla mbu walioshiba damu. Huyo kaelezwa kisayansi mwaka 2003, anajulikana kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Nzuguni hapa Dodoma kaja na basi gani? Mweusi wa ndani ya nyumba mwenye uso mwekundu, mfikirie kwanza dume la Hasarius adansoni: pedipalpi (vile viguu viwili vifupi vya karibu na mdomo) zina weupe, na mbele ya tumbo kuna hilali nyeupe.

Halafu Plexippus paykulli. Dume ni mweusi mwenye mstari mweupe katikati, jike ni kahawia, basi mnawagawia spishi mbili! Menemerus bivittatus hivyo hivyo: yule bapa wa kijivu wa ukutani, dume ana mstari mweusi mgongoni, jike mistari yake iko pembeni.

Rangi peke yake haitoshi. Manyoya hunyonyoka buibui akizeeka, na flashi ikipiga magamba yanayong'aa rangi inageuka, kwa hiyo funika flashi kwa tishu nyeupe. Kinachotenganisha spishi zinazofanana ni viungo vya uzazi. Kwa dume, piga picha pedipalpi, ndizo anazopandia, kwa karibu, kutoka chini na ubavuni. Zikiwa zimevimba lakini laini kama puto, huyo bado hajajivua gamba la mwisho, hamna spishi hapo. Kwa jike, tafuta kibamba kigumu cheusi chini ya tumbo, upande wa mbele, kabla tu ya mfereji unaokatiza.

Anarukaruka? Mtie kwenye kikopo, weka kwenye friji dakika 3 hadi 5 (friji, siyo friza, msiue viumbe). Kisha mwingize kwenye mfuko angavu wa plastiki, mbane taratibu kwa pamba, mpige picha ya tumbo. Rula ya milimita ikae usawa wake. Futa lenzi kwanza, vumbi la Dodoma mnalijua. Piga uso, mgongo, ubavu na tumbo, andika mahali na tarehe, na ukituma WhatsApp tuma kama dokyumenti, la sivyo picha inabanwa na kibamba hakionekani.

Mwenye picha ya mgongo tu apewe jenasi (lile jina la kwanza, la kundi), tena kwa "huenda". Akikaza kudai spishi, mods fungeni uzi.