Mafundi wa mabwawa Unguja mnatuuzia mashine wakati kosa ni la mabomba!

Asalaam aleikum wakubwa. Nina hasira, mnivumilie.

Nasimamia nyumba ya wageni hapa Paje. Tuna bwawa la lita 60,000 hivi, la ule mfumo wa chumvi: maji yenye chumvi yanapita kwenye seli ya umeme, klorini inajitengeneza humo humo. Mfumo hauna ubaya. Ugomvi wangu ni na waliotufungia.

Tangu siku ya kwanza inawaka taa ya kwamba maji hayapiti. Nikawapigia, wakasema chumvi haitoshi. Haya, tukamwaga mifuko. Mashine inataka gramu 3 mpaka 4 kwa lita, sisi tukapitiliza hadi mgeni mmoja akauliza kama tunavuta maji ya bahari (hapo na yeye alitia chumvi, bahari ina kama gramu 35). Taa iko pale pale. Wakaja na jipya: seli imekufa, nunueni nyingine. Tajiri akalipa, ikafungwa, taa ikawaka vile vile!

Nikamwita kijana fundi bomba wa hapa hapa kijijini. Hata mkoba hajafungua: "Kaka, maji yatapitaje hapa?" Bomba linatoka kwenye pampu inchi moja na nusu, likikaribia seli wamelibana likawa robo tatu. Halafu kona mbili mfululizo, na sensa ya mtiririko (kile kifaa kinachohisi kama maji yanapita, ndicho kinachowasha ile taa) wameipachika juu ya kona ya pili, maji yanapovurugika, wakati inataka bomba lililonyooka. Kimshale cha ubavuni mwake kinaelekea kwenye pampu. Kinyumenyume! Na seli wameiweka kabla ya filta, wakati inatakiwa iwe ya mwisho, maji yakitoka humo yarudi bwawani. Kila kijani cha mvinje kinachoponyoka kwenye kikapu cha pampu kinaishia kwenye seli.

Ile seli "iliyokufa" je? Ilikuwa na ukoko mweupe wa chokaa, basi. Huku visima vyetu viko kwenye mawe ya matumbawe, mlitegemea nini? Kijana kailoweka kwenye asidi iliyozimuliwa, ukoko ukatoka, seli inafanya kazi.

Lakini kilichonichoma hasa ni hiki. Walipochoshwa na simu zangu walimtuma mtu, akashikashika kidogo, taa ikazimika, tukamshukuru na chai tukampa. Juzi tumefungua kisanduku cha nyaya za mashine: kipande cha waya mwekundu kimeunganisha nyaya mbili za sensa, kimevirigwa tepu nyeusi. Yaani mashine imedanganywa kuwa maji yanapita saa zote. Wallahi nilitetemeka. Seli ile inatoa na gesi ya haidrojeni. Maji yakitembea gesi inaondoka nayo. Maji yakisimama na umeme unaendelea, gesi inajaa ndani, cheche moja tu inailipua. Na watoto wa wageni wanacheza pembeni ya chumba cha pampu!

Mashine nimeizima, klorini natia ya unga kwa mkono. Tajiri anataka pesa ya seli irudi, wao simu hawapokei tena. Nani anajua pa kupeleka malalamiko kama haya hapa Zanzibar? Na wewe mwenye bwawa la chumvi, zima umeme kwenye swichi kubwa, mwite fundi umeme afungue kisanduku. Mkikuta waya kama huo, wekeni picha hapa.