Tupeane uzoefu: ulizipataje nyimbo za huzuni za gita na sauti moja, zinazokaribia zile ulizozipenda zamani?

Wakuu, habari za jioni.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Tanga hadi Dar na kurudi. Garini alikuwa na kaseti tatu tu, na moja ni ile ya kwanza ya Tracy Chapman, ya 1988. Ilipigwa mpaka kanda ikalegea. Wimbo ukifika katikati sauti inayumba kidogo kisha inakaa sawa. Ikikwama nakabidhiwa mimi: naingiza kalamu kwenye tundu, nazungusha taratibu mpaka kanda ikaze. Kiingereza sikukijua wakati ule, lakini nilielewa kwamba dada yule ana jambo linamuuma na hataki kulipigia kelele.

Baba hayupo tena. Kaseti ninayo, redio ya kuipigia sina. Nyimbo zenyewe zimo kwenye simu, safi, hazina ule myumbo, na nimezisikiliza mpaka nikatamani nyingine za aina ile. Programu ya simu ikawa inanirudishia zilezile, au inaniletea za kuchangamka kwa sababu tu zina gita.

Nilichopata, nilikipata kwa kusoma. Waandishi wengi waliomzungumzia Tracy Chapman walimtaja na Joan Armatrading, mzaliwa wa Saint Kitts, 1950, aliyekulia Birmingham, Uingereza. Nikaanza na albamu yake ya 1976. Mara ya kwanza haikuniingia, niliona ina vyombo vingi. Mara ya tatu nilikuwa kwenye daladala asubuhi, sauti yake nzito ikashuka chini kabisa, mwili ukanisisimka, kituo changu kikapita.

Mlioipita njia hii, mlipataje? Siombi orodha ya majina. Semeni ilivyokuwa.

Mdau wa Kampala

Pole kwa mzee, ndugu yangu. Mimi nilianzia kwa Leonard Cohen, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akitupigia jioni bwenini. Miaka mingi baadaye nikakutana na albamu ya 1991 ambayo wanamuziki tofauti wanaimba nyimbo za Cohen. Napitia majina, nakuta la mtu wa kwetu: Geoffrey Oryema, Mwacholi.

Nilikaa chini. Baba yake alikuwa waziri, akauawa 1977 enzi za Idi Amin, na yeye akavushwa mpaka hadi Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari. Akaishia Ufaransa. Albamu yake ya 1990 ilisimamiwa na Brian Eno, na jina la albamu maana yake ni uhamishoni. Humo kuna lukeme, kile chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na sauti inayoimba kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa amelala. Anaitaja Anaka, kijiji cha ukoo wao. Bibi yangu mzaa mama ametoka upande huohuo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna mtu aliyeiimba namna ile.

Nilimtafuta mtu anayefanana na Cohen, nikampata jirani.

Mdau wa Reading, Uingereza

Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Saa tisa usiku ukishawageuza wote na kuwabadilisha, unabaki na taa ya korido. Ndipo nilipomzoea Nick Drake. Alifariki 1974 akiwa na miaka 26, ameacha albamu tatu ambazo hazikununuliwa alipokuwa hai. Ya mwisho, ya 1972, ni yeye na gita lake karibu mwanzo hadi mwisho; kinanda kinasikika mahali pamoja tu.

Nilipozimaliza zote tatu nilihisi kama nimefungiwa mlango. Kilichonifungulia ni kusoma jalada. Msifuate mwimbaji peke yake, fuateni na waliokuwa chumbani naye. Joe Boyd, aliyemrekodi Drake, alimrekodi pia Vashti Bunyan, na Robert Kirby, aliyempangia ala za nyuzi, ameandika sehemu za nyimbo za huyu dada vilevile. Albamu yake ilitoka 1970, watu hawakuijali, akaacha muziki akaenda kulea watoto na mifugo mashambani. Ya pili aliitoa 2005. Miaka 35! Sauti ni ileile, nyembamba, ya mtu anayembembeleza mtoto asimwamshe mwingine.

Halafu kuna mama yake Drake, Molly. Naye alikuwa akitunga na kuimba nyumbani kwa piano, wakamrekodi hapohapo sebuleni, na rekodi zikaja kutolewa kwa watu wakati mwenyewe alishafariki. Sikilizeni mtoto kwanza, halafu mama. Mtajua ile huzuni aliitoa wapi. Mimi nililia, na kuna bibi mmoja, mgonjwa wangu, akanishika mkono akaniuliza nani kafa.

Mdau wa Kisumu

Hapo kwa Oryema nyinyi mnamkaribia Ayub Ogada na hamjui. Lebo ni moja, Real World. Albamu yake ni ya 1993. Nyatiti, kinubi cha wazee wetu Wajaluo kule nyumbani, ni ya kasi, mpigaji ana njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anagongea chombo chenyewe, hata matangani watu wanacheza. Ogada aliituliza. Nyuzi nane zilezile, lakini anaacha kila mlio umalizike ndiyo aite mwingine. Mzee wangu hakuipenda, alisema hiyo ni nyatiti ya mtu aliye mbali na kwao. Nafikiri alisema kweli, maana jamaa alikuwa ameipiga mpaka kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi London. Kwangu uzuri wake uko papo hapo.

Mdau wa Muscat

Mie wangu si wa gita tupu, mtaniwia radhi. Marehemu bibi alikuja huku kutoka Unguja, na kila Ijumaa baada ya chakula akiweka taarabu ya zamani, analala chali, mkono juu ya macho. Alipofariki sikuweza kuisikiliza tena. Nilitaka kitu chenye uchungu uleule lakini nisikijue maneno.

Shoga yangu akaniwekea Cesária Évora wa Cape Verde. Akiimba miguu mitupu. Kuna wimbo wake, kwenye albamu ya 1992, unaouliza ni nani aliyekuonyesha njia hii ndefu ya kwenda São Tomé. Watu wa visiwa vile, miaka ya ukame, walikuwa wakipelekwa huko kwenye mashamba ya kakao ya Wareno. Nilipoambiwa maana nikamwona bibi, mkono juu ya macho. Visiwa ni visiwa, jamani.

Mdau wa Lubumbashi

Na Mwenda Jean Bosco? Alirekodiwa hapa Katanga 1952, kidole gumba na cha shahada tu, unasema ni magita mawili. Si wa kulia sana, lakini sikiliza usiku.

Aliyeanzisha mada

Nimefuata wote, nimemaliza bando. Nick Drake na mama yake nimewapokea, asante sana mdau wa Reading, nimewahifadhi. Ogada bado namzoea. Ila Oryema nilimsikiliza jana umeme ukiwa umekatika, simu juu ya meza, mama yupo jikoni na kibatari. Akatoka akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, akauliza anasema nini huyo. Sikuwa na jibu. Mdau wa Kampala, wimbo ule wa Kiacholi, nitafsirie.

Mdau wa Kampala

Nampigia bibi leo jioni. Kiacholi changu hakitoshi, na huo sitaki kuukosea.